Bado Koti Moja

Baba Kiprono,

Usishangae kupata barua kutoka kwangu, mimi ambaye hata jina langu naliwekea kidole. Anayeandika ni Cherop, mjukuu wako. Nimemwambia asipambe maneno. Akipamba nitajua, maana atanisomea yote kabla sijatoka kwenye kiti hiki.

Tangu utuache, hapa Olenguruone kumenyesha mpaka viazi vikaoza shambani. Ng'ombe mweupe amezaa ndama jike. Pikapu yako bado iko juu ya mawe, vile uliiacha ulipovua magurudumu uyapake rangi. Kiprono alitaka kuwauzia watu wa vyuma vikuukuu. Nikamwambia, "Uza suruali yako kwanza."

Lakini ninakuandikia kwa sababu ya koti.

Asubuhi ile siwezi kuisahau hata nikitaka. Ulikuwa umelala karibu na moto, sauti imebaki kidogo tu, ukaniambia, "Mama Kiprono, bado koti moja." Nikakimbia stoo kukutafutia lile koti zito la kijani. Lilikuwa chini ya magunia. Niliporudi... ulikuwa umeenda. Mimi nimesimama na koti mkononi, na wewe umeenda.

Nimekaa na hilo jambo kama jiwe kifuani. Mume wangu amekufa akisikia baridi, ameniomba koti, sikufika. Ndiyo maana nililazimisha uzikwe nalo. Watu walinicheka pembeni, pasta naye akakohoa. Nikasema mtu wangu hataenda akitetemeka.

Sasa sikia. Juzi jua lilitoka, nikaingia kibandani kwako. Magurudumu yote manne yako juu ya gunia, kalenda za zamani bado zimebandikwa kwenye tairi ili rangi isiziguse. Rimu tatu zinang'aa kama sufuria mpya. Ya nne imetoa kutu, vidoa vyekundu kama upele wa mtoto. Nikaona aibu. Wewe uliyekuwa ukinifukuza, "Toka na vumbi lako la jikoni, mama, hii kitu inataka usafi!" Nikalipakia hilo gurudumu kwa bodaboda mpaka duka la vifaa, wanipe rangi inayofanana.

Mwenye duka akalikwaruza kwa ukucha. "Shosho, huyu fundi alijua kazi. Lakini hapa alibakisha koti moja."

"Koti gani?"

Akacheka. "Si ya kuvaa, shosho! Ukipiga rangi mara moja, hiyo ni koti. Hii ilikuwa bado ile ya mwisho, ndiyo kutu ikapata njia."

Nilikaa juu ya mfuko wake wa simiti bila kuomba ruhusa. Nikacheka mpaka nikalia, au nililia kwanza, sijui. Mzee wewe! Roho inatoka na unanipa habari za rimu! Tumezeeka ndani ya nyumba moja na hukuniambia kwamba chuma nacho huvaa koti. Sasa uko huko na lile zito la kijani unatoka jasho bure. Livue.

Nimeimaliza rimu yako. Nilisugua kutu kwa msasa mpaka vidole vikachubuka, nikaosha kwa sabuni, nikaweka praima, ile rangi ya chini, palipobaki wazi. Nikangoja ukungu uondoke, maana ulikuwa ukisema rangi ikipigwa kwa ukungu inakuwa kama maziwa yaliyoganda. Halafu nikapuliza pole pole, siyo kama mtu anayenyunyizia ng'ombe dawa. Kuna mahali tone moja limeteremka. Usianze kelele. Hilo tone ni langu, liache hapo.

Kiprono atayafunga magurudumu Jumamosi. Pikapu haiuzwi nikiwa hai. Nitakaa mbele, nyuma niviachie viazi.

Hukuwa na baridi, mzee wangu. Hilo limenishushia mzigo. Lakini sitakudanganya, limenipa mwingine: ningejua ni rimu, nisingetoka. Ningekaa hapo, nikushike mkono, nikuambie sawa, itapakwa.

Kwa hivyo nakuahidi hivi. Mwingine wa nyumba hii akifika pale ulipofika, mimi sitoki. Akitaka koti, akitaka maji, aletewe na wenye miguu. Mimi nitakuwa nimemshika mkono.

Kwaheri, Baba Kiprono. Pumzika.

Ni mimi, bibi yako.