Karatasi Tisa Zisizo na Sahihi

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuomba uisome barua hii ukiwa umeketi, lakini usiwe na wasiwasi, maana habari zenyewe ni njema. Kwanza nijulishe kama kile kikohozi kimekuachia, na kama mwenzako wa chumbani bado anakoroma kama mashine ya kusaga. Sisi huku ni wazima. Mama naye ni mzima, na tangu juzi ameanza tena kula vizuri. Jana alinicheka mbele ya wageni kwa jinsi ninavyokunja shuka, nikajua mambo yametulia.

Umeniuliza mara mbili kwenye simu kama ni kweli Mama atanyang'anywa mhuri wake wa uhandisi, na mara zote mbili nilikujibu kwamba sikusikii vizuri. Nilikuwa nakusikia, Kaka. Nisamehe. Hakunyang'anywa. Mama amesema nikuandikie mimi mwenyewe, tena nisiruke kitu, ndiyo maana utaona karatasi zimekuwa nyingi.

Yalianza wiki tano zilizopita, ilipofika bahasha kutoka Bodi ya wahandisi. Ndani yake mlikuwa na nakala za michoro tisa ya ile zahanati ya ghorofa mbili, zote zimegongwa mhuri wa Mama. Ofisi ya vibali vya ujenzi ilikuwa imezirudisha kwa sababu hazikuwa na sahihi wala tarehe. Wewe unajua Mama anavyofanya. Hukagua karatasi moja moja, akagonga mhuri, kisha akapitisha sahihi yake juu ya mhuri na kuandika tarehe kwa mkono wake. Husema bila hayo mhuri ni doa la wino tu. Sasa Bodi ilitaka kujua nani ameligonga doa hilo mara tisa, na kama Mama ana tabia ya kuwaazima watu mhuri. Wakamwandikia kwamba akionekana ameuachia mtu mwingine autumie, leseni yake itasimamishwa, na pengine ifutwe.

Kibaya zaidi, michoro ile ilikuwa rasimu. Mama alikuwa bado hajaimaliza, na kwenye boriti inayobeba tangi la maji zilichorwa nondo nne wakati hesabu zake zinataka sita. Chini ya tangi hilo ndipo kinamama wangekaa na watoto wakisubiri kupimwa. Mama aliposoma barua alikaa kwenye kiti cha wateja, si chake, akawa anaitazama karatasi ile ya boriti.

Mwanzoni alidhani mhuri umeghushiwa. Lakini alipochukua kioo cha kukuzia aliona ule upenyo mdogo kwenye duara, karibu na namba yake ya usajili, mahali ulipomeguka siku ulipoanguka sakafuni. Basi ulikuwa wake hasa. Dereva wa mteja anayejenga zahanati alipoulizwa alisema aliikuta michoro mezani Jumamosi moja, imegongwa mhuri, akaikunja akaipeleka ofisi ya vibali, maana bosi wake alikuwa anamfokea kwenye simu.

Mwenye ufunguo mwingine wa ofisi ni mchoraji wa Mama peke yake. Mama alimwita akamuuliza kwa upole, lakini swali la namna ile halina upole. Mchoraji alimjibu kwamba miaka kumi na moja amechora mistari yake, amekunywa chai yake, amemwona akilia na akicheka, na kama leo anaulizwa kama mwizi wa kuku, basi penseli zake anaziacha na heshima yake anaichukua. Akatoka. Hakupiga mlango, Kaka. Aliufunga polepole, na hilo ndilo lililonichoma.

Wiki tatu hakuja kazini. Utani wake wote ule, jinsi anavyoniita Mkaguzi Mkuu na kuniuliza kama nimeidhinisha chai yake, ukatoweka ofisini. Mama akaandika maelezo yake kwa Bodi kwamba, kwa kadiri anavyojua, mchoraji alitumia mhuri bila idhini. Alinipa nimsahihishie vituo na herufi kubwa, kwa kuwa mwalimu wangu amenisifu kwa insha. Nilisahihisha. Nikamrudishia.

Sasa nakwambia. Ni mimi niliyegonga mhuri ule.

Jumamosi hiyo lori la zege lilifika kwenye jengo jingine mapema kuliko ilivyopangwa, na Mama akakimbia na kofia yake ngumu, mhuri akauacha juu ya meza pamoja na kisanduku cha wino. Mchoraji alikuwa ametoka kununua karatasi. Nilikuwa peke yangu nikifanya hesabu za shule. Mteja alipiga simu mara tatu akiuliza michoro imefikia wapi. Nikafikiri nikiigonga mhuri mapema, Mama akirudi itabaki kutia sahihi tu, atapumzika. Nilianza na moja, nikafika tisa. Kisha nikaenda bombani nyuma kuosha vidole, maana wino ulikuwa umeingia kwenye kucha. Niliporudi michoro haikuwepo mezani. Nilijiambia kwamba mchoraji amerudi na kuiweka kabatini. Nilijiambia hivyo kwa nguvu sana, na sikumuuliza.

Siku Mama alipoitwa kwenye kikao cha Bodi, alikuwa anapiga pasi koti lake la bluu. Barua ya maelezo ilikuwa kwenye kiti, tayari ndani ya bahasha. Nilisimama mlangoni na sare yangu ya shule, nikasema yote kwa pumzi moja. Mama alichomoa waya wa pasi. Aliniuliza swali moja tu, kama mchoraji alikuwa anajua. Nikasema hapana. Nilingoja nipigwe au nifokewe, lakini alichukua simu akampigia mchoraji, na hapo ndipo nilipomsikia Mama yetu akiomba radhi kama mtoto, akisema amekosa, amekosa sana, wala hana la kujitetea. Halafu akaichana ile barua, akaniambia nivae viatu.

Kwenye kikao kulikuwa na watu watano na meza ndefu. Mama aliwaambia ni binti yake aliyegonga, lakini kanuni zinasema mwenye mhuri ndiye mlinzi wake, na aliyeuacha mezani ni yeye, kwa hiyo kosa waliandike kwa jina lake. Mzee mmoja alisema kwa ukali kwamba mhuri si kitu cha kuchezewa na watoto. Mama akasema ndiyo, Mheshimiwa. Mwenyekiti, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, akanigeukia akauliza kwa nini nilifanya vile. Nikasema nilitaka kumsaidia Mama. Akauliza kama ndiyo yote.

Haikuwa yote, Kaka, na hili hata Mama nilikuwa sijamwambia. Karatasi ya kwanza niligonga kwa ajili ya Mama. Zile nane nyingine niligonga kwa sababu nilitaka kuona mkono wangu ukifanya kazi ile. Nilikuwa ninatazama namba yake na kujifanya ni yangu. Nilimwambia Mwenyekiti hivyo hivyo. Yule mzee mkali akakohoa, akatazama dirishani, na nadhani alikuwa anazuia kicheko.

Wakatoka, wakarudi. Kwa kuwa karatasi hazikuwa na sahihi, hazikuwa na nguvu, na hakuna aliyejenga kitu kwa kuzifuata. Mama akapewa onyo la maandishi, na sharti la kuuweka mhuri ndani ya droo yenye kufuli ambayo ufunguo wake hautakuwa na mtu mwingine. Leseni yake ikabaki. Tulipotoka nje Mama aliegemea ukuta wa lile jengo, akavua viatu vyake vya kisigino hapo hapo barabarani, akacheka mpaka akalia.

Mchoraji amerudi. Nilimwomba msamaha mbele ya Mama, naye akasema Mkaguzi Mkuu amesamehewa, ila chai yake atajiidhinishia mwenyewe. Boriti ya tangi sasa ina nondo sita, na jana Mama ametia sahihi.

Njiani siku ile nilimuuliza Mama kama siku moja atanirithisha mhuri wake. Aliniambia haiwezekani. Namba ni ya mtu mmoja tu, na yeye akiacha kazi mhuri unarudishwa Bodi na kuharibiwa. Tukatembea hatua kadhaa, kisha akaniuliza hesabu nilipata ngapi muhula huu, kwa sababu mhuri wangu itabidi wauchonge upya, na mimi nitasubiri miaka mingi.

Mama anakusalimu, na mchoraji anakusalimu. Jifunike kifua usiku. Ukijibu, usiniandikie maneno ya kunituliza tu, niambie hasa ulivyofikiri uliposoma.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Binti wa Mhandisi