Seli Niliyoizungushia Ukuta

Jumatatu, 3 Machi

Watu wa mji huu wanajua walipo kwa sababu yangu. Duka la dawa, kinyozi, zahanati, choo cha stendi — maandishi yote ni ya mkono huu. Nikifa kesho watu watapotea ndani ya mtaa wao wenyewe.

Leo hata shule ya sekondari imenipigia magoti. Mwalimu wa baiolojia, mama mmoja mrefu mwenye miwani, kanisimamisha mbele ya ukuta wa maabara na kunipa karatasi yenye mchoro. Anataka seli ya mnyama, kubwa, mtu aione tangu getini. Nikamwambia seli naijua kabla yeye hajazaliwa. Nilichora simba kwenye bucha fulani, mbwa wa mtaa mzima wakahama. Seli ni kitu gani?

Karatasi nimeikunja nikaiweka mfukoni. Kwa heshima tu.

Mpwa wangu anasoma shule hiyohiyo. Leo tena hakwenda. Tangu tumzike mama yake — dada yangu mkubwa — yuko kwangu, anajibu ndiyo na hapana. Mimi nakula, nalala, naamka. Chai najua ni ya moto kwa kuuona mvuke. Mwili mzima kama mguu uliokaliwa vibaya.

Jioni baba yake mdogo kapiga simu. Jumamosi ya wiki ijayo anakuja kumchukua. Kasema kaka yake alishafariki lakini ukoo haujafa, mtoto ni wa kwao, shule zipo huko pia. Nikasema sawa. Nilivyosema sawa ni kama mtu aliyeulizwa kama mvua imenyesha.

Jumanne, 4 Machi

Nimepaka ukuta rangi nyeupe. Wakati unakauka nikarudi nyumbani, nikamwekea mpwa wangu ile karatasi mezani. Nikamwambia nataka kumpima, nisije nikawa namlisha mtu asiyejua kitu.

Akaivuta karibu. Kisha akaanza, kidole juu ya mchoro. Hiki katikati ni kiini, ndimo maagizo yote ya seli yalimo. Vidoti hivi ni ribosomu, vinaunda protini kwa kufuata maagizo hayo. Hivi vilivyolaliana kama chapati ni vifuko vya Golgi, vinapokea protini, vinazifunga, vinazipeleka zinakotakiwa.

Nikasema, kumbe ni ofisi ya vifurushi.

Akasema, "Ndiyo, Mjomba. Ila huku mzigo haupotei."

Huo ulikuwa ni utani. Nimechelewa kuutambua, alishaondoka kwenda jikoni.

Kuna vingine vinaitwa lisosomu. Vinameng'enya vitu vilivyochakaa ndani ya seli, ili visirundikane. Nilitaka kuuliza kama vinameng'enya kila kitu.

Alhamisi, 6 Machi

Kazi imeshika umbo! Duara kubwa, na kulizunguka nimepiga fremu nyeusi ya rangi ya mafuta, pana kama kiganja. Kila bango nililolichora tangu nishike brashi nimelianza na fremu. Bango bila fremu ni suruali bila mkanda. Fundi aliyenifunza alikuwa hamlipi mtu ambaye kazi yake haina fremu, na wala mwenye fremu hakumlipa, lakini angalau hakumtukana.

Wanafunzi walijazana. Nikawasimulia nilivyopaka jina la meli huku meli inaondoka, mimi naogelea, kopo la rangi kichwani. Mmoja akauliza herufi ngapi. Watoto wa siku hizi hawana adabu.

Ijumaa, 7 Machi

Mwalimu kaja, kavua miwani, kaivaa tena. Akauliza kwa upole hiyo nyeusi ni nini.

Nikamwambia ni fremu.

Akasema seli ya mnyama haina ukuta. Ukuta ni wa seli ya mmea. Mwanafunzi akiona hii kutoka getini atakwenda kuiandika kwenye mtihani, na atakosa.

Nikamuuliza nyumba gani isiyo na ukuta. Hapo akatokea mpwa wangu, kaniletea chakula cha mchana. Kavaa sare ya shule. Sijui kaivaa saa ngapi, sikumwambia. Akatazama kazi yangu, akatazama mwalimu wake.

"Mjomba, umemvika ng'ombe magome ya mti."

Mwalimu alicheka mpaka akashika ngazi. Nami nikacheka. Nilijisikia mdomo ukicheka, mwenyewe sikuwamo.

Baadaye mpwa wangu akanieleza akiwa amekaa juu ya kopo la rangi. Seli ya mnyama ina utando tu. Mwembamba sana, lakini ndio unaochagua: chakula kiingie, taka zitoke, sumu ibaki nje ikiwezekana. Utando ukigoma kupitisha vitu, seli inakufa kwa njaa huku chakula kiko mlangoni.

Chakula alichoniletea kilikuwa kimepoa. Nikakila. Au nadhani nilikila, sahani ilirudi tupu.

Jumapili, 9 Machi

Shule tupu. Mimi na mpwa wangu tumekwangua fremu kwa msasa. Nyeusi ya mafuta haikubali kushindwa. Unapaka nyeupe juu, inatulia, unageuka kunywa maji, ukirudi inakuchungulia. Tukapaka tena.

Akaniuliza bila kunitazama: Jumamosi ile wakija, mimi mjomba wake nitasemaje.

Nikamsimulia hadithi ya meli. Yote, na nyangumi nikamwongeza. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema haya, akaendelea kupiga msasa.

Nikijitafuta ninataka nini, sipati. Napapasa kama mtu anayetafuta swichi kwenye chumba cha wageni. Najua ipo ukutani. Ukuta gani, sijui.

Jumatano, 12 Machi

Leo mitokondria. Nimezipaka rangi ya chungwa, ndefu kidogo kama maharage, ndani mikunjo mikunjo. Mpwa wangu alitoka darasani akaja kusimamia. Ndizo zinazochukua chakula na hewa ya oksijeni na kutoa nguvu ya kuendesha seli. Nikamwambia hiyo ni jenereta, mimi niliwahi kutengeneza moja kwa pini ya nywele. Hakubisha.

Kisha akasema jambo. Mitokondria zina maagizo yao wenyewe, mbali na yale ya kiini. Na mtu anazipata kwa mama yake.

"Baba hatoi kitu?"

"Kwenye kiini anatoa, nusu kwa nusu. Hizi, hapana. Ni za mama."

Nikaweka brashi chini. Nikahesabu kwa vidole, akaniacha nihesabu. Zake zimetoka kwa dada yangu. Za dada yangu zilitoka kwa mama yetu. Na zangu pia.

"Zilezile, Mjomba," akasema.

"Na baba yako mdogo?"

"Ana za mama yake."

Hapo nikaona nimeshapata hoja ya kumnyamazisha hata hakimu. Jumamosi nitasimama katikati ya sebule na kusema: huyu na mimi tunaendeshwa na jenereta moja. Nimeifanyia mazoezi njiani, mwenye duka la viatu akadhani namdai.

Wakati anaondoka akaongeza, kama anayekwambia kifungo chako kiko wazi: "Ila zako zinaishia kwako. Mwanamume hapitishi."

Ile mitokondria nimeipaka mara ya pili. Haikuwa na haja.

Ijumaa, 14 Machi

Nimemaliza. Mwalimu karidhika. Jua likipiga kwa upande, kivuli cha ile fremu bado kinaonekana. Mpwa wangu kasema ni mimi tu ninayekiona. Jioni niliosha brashi zote, nikazitundika. Yeye alikuwa anakunja nguo. Sikumuuliza za kuvaa shuleni au za safari.

Jumamosi, 15 Machi

Wamefika, baba mdogo na mkewe. Watu wastaarabu, nilitegemea wakorofi. Mpwa wangu kakaa kwenye kiti alichozoea kukalia mama yake akija kwangu, begi liko miguuni, zipu haijafungwa.

Baba mdogo kasema taratibu, "Shemeji, hatukuja kunyang'anya. Tumemuuliza mwenyewe, anasema tumsikilize mjomba kwanza. Sema neno tu. Unataka abaki, tutarudi tulikotoka, na wala hatutanuna."

Wote wakanitazama. Mtoto naye. Hoja ninayo, nimeifanyia mazoezi. Jenereta moja. Nikafungua mdomo, nikasikia nasema: samahani kidogo, kuna brashi zitakauka na rangi, niziwahi.

Sasa niko uani, nimekaa juu ya ndoo, naandika. Mke wa baba mdogo anauliza sukari iko wapi. Wanasubiri.

Nimefungua bomba ili wasikie maji yakitiririka. Brashi niliziosha jana.