Ng'ombe wa Mzee Tomasi

Baba Mong'ina,

Nimekwenda sokoni Kisegi. Mfunge ndama kivulini. Uji ulioususia asubuhi bado uko kwenye sufuria. ~~Samaki usiguse.~~ Haya, samaki kula, lakini soma kwanza.

Sikulicheka jibu lako kwa ubaya. Kifungu cha mazoezi kilisema Mzee Tomasi aliuza ng'ombe wa mahari ya binti yake ili anunue baiskeli. Swali likauliza: kwa nini aliwauza? Wewe ukaandika: "Hakuwauza. Ng'ombe hao ni wa kaka yake msichana, alipie mahari atakapooa." Halafu ukaigonga meza mpaka chai yangu ikamwagika! Hata mimi mzee huyo ningemfokea. Lakini msahihishaji si mzee wa ukoo wenu. Anataka baiskeli, basi mpe baiskeli.

Kesho kwenye mtihani anza kwa kusoma maswali, ndipo usome kifungu, kisha ujibu kwa yale yaliyoandikwa humo, hata yakikuuma. Ukifeli utaendelea kubeba pampu ya dawa ya mbung'o kule Lambwe, na kila jioni mimi ndiye ninayeukanda huo mgongo.

Jipime kwa karatasi hii:

Mama Mong'ina amekwenda wapi?

Samaki ataliwa baada ya nini?

Kwa nini Mama Mong'ina alikubali kuolewa na mtu anayegombana na karatasi?

Hilo la mwisho usilitafute humu, halimo. Hilo moja tu nakuruhusu ujibu kutoka kichwani mwako. Nikirudi nitasahihisha.

Mama Mong'ina