Yule Mmarekani Alilelewa na Ami au Mjomba?

Ijumaa, 14 Novemba. Suwaidi, Riyadh. Vumbi dirishani, kibaridi kidogo, na mimi ni mke wa Suleiman kwa siku ya ishirini na tatu. Nikiandika neno "mke" bado nacheka peke yangu.

Amelala hapa kando. Hata kulala anajua kulala vizuri.

Mwalimu wangu wa Kiingereza, ninayesoma naye kwa simu, ametaka nieleze maisha na ukoo wa mwanasiasa mmoja wa Marekani wa karne ya kumi na tisa. Seneta, baba mkwe jaji, mashemeji wawili bungeni. Nilidhani nitasinzia. Wapi! Watu wale walioana mpaka siasa yao ikawa kama harusi isiyokwisha.

Ila nikakwama. Seneta huyo alifiwa na baba akiwa mtoto, akalelewa na anko. Anko yupi? Kiingereza hakisemi. Nimepekua saa nzima mpaka nikaona jina la ukoo la huyo anko: ni la upande wa mama. Kumbe mjomba! Na ami zake, ndugu za baba, walikuwepo, wenye mashamba, hawakumchukua.

Nikaacha kusoma.

Suleiman wangu naye alifiwa na baba ana miaka sita. Ami zake wakagawana nyumba, mjomba akamchukua yeye. Alinihadithia wakati wa uchumba, nikalia.

Na Ijumaa iliyopita mjomba huyo alipokuja kutuona mara ya kwanza, nilimwitaje? "Karibu, ami." Mimi nimezaliwa Jeddah, mtaa wa Baghdadiyah, kwetu kila mzee ni ami, ndiyo heshima. Alikula matonge mawili, akanawa, akaaga. Suleiman akaniambia mzee amechoka tu. Tangu siku hiyo hajapiga simu, naye kwa kawaida hupiga kila siku.

Hadithi niliijua. Nikaikosea neno moja.

Basi nimempigia mwenyewe. Nikasema, "Mjomba, nimepika pilau. Bila wewe hailiki."

Akauliza ni nani anayeongea. Nikajibu, mke wa Suleiman.

"Nakuja, mkazamwana."

Hakusema mke wa mpwa wangu. Mkazamwana, mke wa mwana.

Sasa namwamsha mume wangu, na sahani ya tatu nimeshaiweka. Kwenye kazi ya mwalimu nitaandika anko, sina la kufanya. Lakini najiuliza: bibi harusi wa yule seneta, siku mzee aliyemlea mumewe alipobisha hodi, alimwitaje?