Wamama Walioishtaki Serikali

Saint-Gilles, 2 Juni 2024

Mutoto wangu Ngoy,

Pokea salamu za mama yako. Lubumbashi hamjambo? Baridi imeanza? Kifua cha mke wako kimepona? Mimi niko, Mungu anasaidia. Miguu tu ndiyo inavimba.

Nikuambie kabla hujasikia kwa wengine: tumeishtaki serikali ya hapa kwa wazungu. Tuko wamama wazee, mimi na rafiki yangu Priscille wa mtaa wa Ganshoren na wengine. Serikali iliahidi kupunguza moshi unaopasha dunia joto, haikutimiza, na sisi tunaoishi vyumba vya juu kabisa, chini ya mapaa, ndio tunaokufa kiangazi. Mwaka jana jirani yangu Yolande alishushwa kwenye ngazi amefunikwa shuka. Bon, avoka anayetutetea, Maître Larissa, anasema jaji anataka kuona watu, si karatasi peke yake.

Mama yako, Alphonsine

Lubumbashi, 30 Juni 2024

Maman,

Sote tunakusalimia. Tuko wazima, ila barua yako imetunyima usingizi. Muntu anashtaki serikali namna gani? Hapa jirani yetu Mwenze alilalamika tu juu ya barabara mbovu, watu wakaja kumuchukua. Alirudi, lakini hasemi tena na muntu. Na wewe uko katika nchi ya wenyewe. Ondoa jina lako, nakuomba.

Mutoto wako, Ngoy

Saint-Gilles, 21 Machi 2025

Mutoto wangu,

Nguvu zinapungua, lakini niko. Salimia wajukuu. Hakuna aliyekuja kunichukua. Hapa hawakuchukui, wanakungojesha.

Tulifika mbele ya jaji. Avoka wa serikali, kijana mwenye adabu, akaniuliza, "Madame, wewe ulitoka Kongo. Joto linakusumbua kweli?"

Nikamujibu, "Kwetu Lubumbashi, mwezi wa sita tunavaa makoti."

Watu walicheka. Yeye aliandika tu.

Hukumu imesogezwa hadi baada ya kiangazi. Wameweka kipimajoto kwenye ukuta wa chumba changu, na Maître angependa nisihame kwanza, ili jaji ajue ni joto la chumba ambamo muntu analala, si chumba kitupu. Nimekubali.

Mama yako

Lubumbashi, 4 Julai 2025

Maman,

Sijui hata nikuulize hali namna gani. Napiga simu, haipokelewi. Dada yangu Emmanuella, aliye huko karibu nawe, ameniambia joto la huko limefunga shule, na kwamba Priscille amekutwa amekufa chumbani mwake. Wewe hukuniambia. Emmanuella anakaa nyumba ya chini, si chini ya paa, kwake kuna ubaridi. Hamia leo. Kipimajoto kibaki peke yake.

Ngoy

Saint-Gilles, 9 Oktoba 2025

Mutoto wangu,

Unisamehe kimya. Nililazwa hospitali, na dada yako hakutoka kando yangu. Sasa nimerudi chini ya paa.

Donc, tumeshinda. Jaji alisoma kwamba serikali imevunja ahadi yake. Tulikumbatiana, sisi tuliobaki. Zamani tulijaza benchi nzima, siku hiyo tulikaa kwenye kona yake.

Serikali imekata rufaa. Maître anasema itachukua miaka. Alikuja kwangu, akakaa kitandani, akaniuliza kwa upole, "Maman Alphonsine, usipokuwepo, nani atasimama mahali pako?"

Nikamupa jina lako. Akauliza umri wako, nikamwambia. Akaandika, halafu akahesabu miaka kwa vidole.

Kisha akauliza kama una watoto.

Mama yako