Mama, Kiuno Chako Kiko Katika Daftari Langu

Mama mpendwa,

Kwa masikitiko makubwa, familia inawatangazia ndugu, jamaa na marafiki wa Goma, Rutshuru, Butembo na Beni kwamba gramu mia tatu za mtoto wako wa pili zimetutoka ghafla asubuhi ya leo. Kilio kiko nyumbani, Murara. Atakayesikia tangazo hili amjulishe mwenzake.

Najua ungeguna. Lakini ni miezi mitano ninawinda hizo gramu, mama. Amenipima Papa Kambale, jirani anayeuza viazi, juu ya mizani yake ya magunia.

"Simama katikati, mama. Usishike ukuta."

Akainama, akasoma, akajikuna kichwa kama mtu anayetafuta adabu alikoiweka. "Ingekuwa viazi," akasema, "tungemushukuru Mungu."

Unajua sikumaliza shule. Historia ya mji huu nimejifunza kwa sindano. Waasi wakiingia, baada ya miezi miwili wateja wananiletea sketi nizipunguze. Amani ikirudi, wanazileta tena nifungue mshono. Ndiyo maana ulinifundisha kuacha vidole viwili vya kitambaa ndani, kila upande: "Mutu wa Goma hana kipimo kimoja." Safari hii nimepunguza nguo za mtaa mzima, huku za kwangu nikizifungua hadi vile vidole viwili vikaisha. Mteja mmoja akaniangalia kutoka kichwani mpaka kwenye kandambili, akasema mbele ya wote: "Mama mushonaji, wewe unakulaka wapi? Utuonyeshe na sisi." Tukacheka wote. Siku hiyo nilikuwa nimekula bugali ya kujaza kiganja, na majani ya sombe yasiyo na mafuta.

Na wewe walikuchekea hivyohivyo, ila wa kwako walikuwa wanakusifu. Tukitoka misa, wamama walikuwa wanakushika mikono: "Mama, muko muzuri, bwana anawatunza." Papa alikuwa na miaka sita kaburini. Ukajibu, "Asante, nitamwambia."

Kila Noeli nilikushonea blauzi mpya, libaya ya kitenge. Unakumbuka tulivyofanya? Unasimama karibu na mashini, unainua mikono kama mtu aliyesimamishwa na askari, nami nakuzungushia metre kiunoni.

"Pumua, mama."

"Nikipumua utaongeza."

Nikaandika sentimita zako katika daftari langu la vipimo. Kila Noeli zilikuwa zimepanda, na kila mwaka, pembeni ya namba, niliandika neno moja: chapati. Nikakuonyesha, nawe ukacheka kwa ile sauti yako ambayo kwaya ilikuwa imeihamisha kutoka soprano kwenda alto, kisha ikaisogeza karibu na wanaume. Chapati zenyewe ulikuwa unazikata na kuwagawia watoto wa wengine. Hilo nililiona kwa macho. Sikuliandika.

Halafu ikaja volkano, ile iliyopita katikati ya mji. Tulikimbia njia ya Gisenyi, mimi na kichwa cha mashini mgongoni, wewe na shuka na sufuria. Ulikaa chini mara tatu. Mara ya tatu watu walikuwa wanakuruka. Anga nyuma yetu ilikuwa nyekundu, na mimi nilikuwa naogopa, nikasema lile neno:

"Tembea basi, mama. Umejaza mwili na chapati, sasa tutakufa juu yako."

Hukukasirika. Ulinipa sufuria. "Muende," ukasema, "nitawakuta mbele." Nikaenda, mama. Si mbali sana, hatua mia hivi, ndipo nikageuka kukungoja. Lakini nilienda.

Hatukuzungumza juu yake tena. Ulianza kuvaa majaketi mawili hata mchana, ukikumbatia mbabula ya makaa na kusema, "Niko nasikia baridi," na sisi tukasema, wenye nyama hawasikii baridi. Ulisahau majina ya wajukuu. Nyusi zako zikapungua, uso ukavimba asubuhi. Mwaka ule waasi walipofunga njia ya Rutshuru ulilala Alhamisi, Ijumaa hukuamka vizuri, Jumapili hukuamka kabisa. Kwenye kilio tulisema ni uzee. Ulikuwa na miaka hamsini na sita.

Mimi sasa nina hamsini na moja. Volkano ilipolipuka tena na tukaambiwa tuondoke mjini, nilitembea njia ya Sake na binti yangu, yule uliyemwacha mdogo. Tulipofika Lac Vert miguu ilikataa. Nikakaa juu ya jiwe, nikangoja neno langu linirudie, maana lilikuwa haki yangu. Akatua mzigo wake, akakaa pembeni yangu.

"Tupumzike, mama," akasema. "Volkano ya siku hizi haina haraka."

Nililia. Akadhani ni magoti.

Ndiyo sababu nataka kupungua, si kwa uzuri. Mji wetu unamdai mtu jambo moja tu: siku ikifika, aweze kutembea. Niliacha sukari, niliacha mafuta, niliacha chakula cha jioni. Nikazidi kunenepa, na usingizi ukanikuta hata juu ya mashini, mguu ukiwa bado unakanyaga. Mwishowe nikaenda kwa docta, msichana ambaye angekuwa mjukuu wako. Akanishika shingo kwa vidole viwili. Akatoa damu. Baada ya wiki akaniambia kuna kitezi kidogo hapo kooni kinachowasha moto wa mwili, na cha kwangu kimechoka. Ndiyo maana mwili unajaa bila chakula, baridi inaingia mpaka mfupani, sauti inakuwa nzito, nyusi zinaanguka.

"Ugonjwa huu unapenda kutembea na familia," akasema. "Kwenu kuna mutu alikuwa nao?"

"Hapana," nikajibu.

Sikumdanganya. Kwetu wewe hukuwa mgonjwa, mama. Ulikuwa mnene.

Nilikuwa nimeshafika nyumbani na kuvua viatu, ndipo nikayakumbuka majaketi yako mawili. Nikalitafuta lile daftari chini ya vitambaa, nikasoma Noeli zako zote, moja baada ya nyingine, kama mtu anayesoma majibu ya damu. Zote zilikuwa pale, sentimita kwa sentimita, kwa mkono wangu mwenyewe, na pembeni yake lile neno langu. Nimejaribu kulikwangua kwa wembe. Karatasi imetoboka.

Sasa ninameza kidonge kimoja kila asubuhi, tumbo likiwa tupu, na ninangoja saa nzima bila chai, jambo ambalo wewe usingelivumilia. Baridi imepungua. Kuhusu mwili, docta ananiambia nisiwe na haraka, kwa umri wangu utashuka polepole au utabisha. Ninatembea kila asubuhi juu ya mawe ya lava, nikikaa chini ninapochoka. Nikikaa, nakuona wewe pale njiani na shuka lako, unanitazama ninavyokwenda na sufuria.

Lala, mama. Msalimie papa, na umwambie ameendelea kusifiwa kwa utunzaji wake. Nisamehe ile safari ya Gisenyi, zile hatua mia.

Nilirudi kwa docta nikamwambia, ndiyo, kwetu alikuwapo mtu. Nikamuuliza kama wakati wako ingewezekana kukutibu. Akasema ndiyo, kwa kidonge hikihiki, ni cha zamani. Jana nimemuuliza muzee wa farmasi iliyo nyuma ya kanisa letu. Alikuwa anakiuza tangu kabla ya volkano ya kwanza.

Mtoto wako wa pili,
mushonaji wa Murara