Mayai Niliyoyamwaga

Tabata, Jumapili

Mama yangu,

Shikamoo. Huku joto halina adabu, nyie huko Njombe najua mnaota moto saa hizi. Kifua chako kimepoa? Na yule kuku mwekundu ameshaatamia?

Nakuandikia kwa sababu ukipiga simu mama mdogo anakuwaga pembeni, nami nashindwa kusema. Ukiuliza, "Umezoea?" najibu ndiyo. Mama, sijazoea. Lile sweta lako silivai kwa joto hili, nalilalia tu, na harufu ya moshi wa jikoni kwetu imeanza kuisha.

Najua mama mdogo amekwambia siongei na mtu, na kwamba muhula ukiisha unakuja kunichukua. Kabla hujakata tiketi, nisikilize.

Wiki hii mwalimu wa baiolojia alileta chaza wa baharini. Tukachanganya mayai na mbegu za kiume kwenye maji ya chumvi, kila mtu na kisahani chake, tukachungulia kwa hadubini. Mayai yangu yakatoa kinundu ubavuni. Sasa mimi mtoto wako, nimezoea kumulika mayai ya kuku kwa tochi, lenye kasoro natupa, nikadhani haya nayo ni viza. Kuuliza nikaona aibu. Nikamwaga yote kwenye sinki.

"We Mnjombe, umemwaga ukoo mzima," akasema Zahra, ninayekaa naye dawati moja. Darasa likacheka. Hata mie nilicheka, kidogo.

Mwalimu akasema taratibu, "Hayakuwa viza, yalikuwa yanapevuka. Mbegu ilishaingia, ila kiini chake bado kidogo, kimejikunyata pembeni. Yai likishatoa vinundu viwili, ndipo kile kiini kinavimba, kinasogeleana na cha yai. Ungesubiri kidogo tu."

Kwa Kiingereza nilishayakariri hayo, nikapata vema. Kwa Kiswahili ndiyo yakaniingia.

Mama, mie Tabata nimeshaingia, ila bado nimejikunyata. Ukija nitapanda basi mbio bila kuaga, ndiyo maana nakuomba usije. Zahra kaniwekea nafasi kwenye kisahani chake kipindi kijacho. Nataka nione mwisho wake.

Nisalimie bibi, umshike mikono kwa niaba yangu. Na kaka anayelalia kitanda changu, mwambie asizoee.

Nakukumbuka sana mama. Ila usinimwage bado.

Mwanao,
Neema